Programu ifunguke kwanza, na rekodi ya mtu isipotee: niliyoyasema Kisumu

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi asubuhi hapa Kisumu kwa vijana wanaoandika programu za wavuti. Nimeiandika karibu vile niliiongea, nikaongeza kidogo pale watu waliuliza maswali.

Oyawore, mulembe, hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika, najua wengine mmetoka Kakamega na Busia na mmeamka saa kumi usiku kutafuta matatu, kwa hivyo sitawazungusha, naingia kwa jambo lenyewe.

Nataka tuongee juu ya sekunde tatu tu. Zile sekunde programu yako inafunguka, na kabla haijamwonyesha mtu chochote inaenda kuchungulia stoo ya brauza, pale programu ya wavuti huweka data ndani ya simu, kuangalia jana iliachia wapi. Nani alikuwa ameingia, fomu ilikuwa imejazwa hadi wapi, kikapu kina nini, mauzo gani bado hayajatumwa kwa seva. Hiyo ndiyo watu huita steti, mimi nitaiita hali. Kila mtu hapa ameandika hiyo kodi, yaani maagizo ya programu, mistari miwili, localStorage.getItem inayosoma maandishi kutoka stoo halafu JSON.parse inayoyageuza yawe data, ukaendelea na kazi zingine. Hiyo mistari miwili ndiyo imenisimamisha hapa mbele leo.

Niwape kisa chenyewe. Miaka michache iliyopita nilitengenezea beach moja ya wavuvi upande wa Seme programu ya karani. Mnazijua beach zetu, mashua zikifika alfajiri karani anasimama kando ya mizani, mbuta inapimwa, ngege inapimwa, anaandika mwenye mashua, anaandika mama aliyenunua na kama amelipa kwa M-Pesa ama atalipa jioni akishauza. Neti hapo huja ikaenda, kwa hivyo programu ilikuwa inaweka kila kitu kwa simu ya karani kwanza, halafu neti ikipatikana inatuma. Ilifanya kazi vizuri miezi mingi na kusema ukweli nilikuwa nimeanza kuisahau.

Mwanzoni bei ya samaki ilikuwa namba moja tu, kwa stoo iliandikwa bei: 350. Wakaniomba kila samaki awe na bei yake, haya, nikabadilisha, bei ikawa kitu chenye mbuta ndani yake na ngege ndani yake. Nikajaribu kwa laptopu yangu ikafunguka bila shida, nikaipeleka hewani Jumapili usiku nikalala. Shida ni kwamba laptopu yangu nilikuwa nimeifuta stoo mara mia, ilikuwa safi, haikuwa na kumbukumbu yoyote ya zamani. Simu ya karani ndiyo ilikuwa imebeba bei: 350.

Jumatatu saa kumi na mbili na robo asubuhi simu yangu inalia, ni karani. "Mwanangu, hiyo kitu yako imekufa." Namuuliza imekufaje mama, ananiambia inafunguka lakini ni nyeupe pe. Namwambia irifreshi. Nyeupe. Funga kabisa ufungue tena. Nyeupe. Zima simu, hesabu kumi, washa. Nyeupe. Na nyuma yake nasikia watu, mashua ya tatu imefika na mizani imesimama na wale mama wa samaki wanataka kuwahi soko la Kibuye kabla wateja hawajaisha.

Sasa kilichokuwa kinatokea ni hiki. Kodi mpya inasoma hali ya zamani, inauliza bei.mbuta, lakini bei ni 350, namba, haina mbuta ndani yake, kwa hivyo inapata undefined, yaani hakuna kitu, halafu inajaribu kuita toFixed, ile ya kupanga desimali za namba, juu ya undefined na hapo inaanguka. Na React ndiyo maktaba inayochora kurasa za programu yangu. Tangu React 16, ile ya 2017, kosa likitokea wakati wa kuchora ukurasa na hakuna mtu wa kulidaka, React inaondoa kila kitu kwenye skrini, inaona afadhali isionyeshe chochote kuliko ionyeshe kitu kibovu. Ndio ule weupe.

Na mimi nikiwa bado kitandani, kwa haraka ya kutaka mizani irudi kazini, nikamwambia: mama, ingia kwa mipangilio ya Chrome, tafuta hiyo saiti, futa data yake. Akafuta. Ikafunguka, akafurahi, akaniombea baraka. Dakika kumi baadaye akapiga tena na sauti ilikuwa imebadilika. Akaniuliza, "Na za Jumamosi na jana, ziko wapi?"

Neti ilikuwa imelala wikendi yote. Hakuna hata rekodi moja ya siku hizo mbili ilikuwa imefika kwa seva. Zote zilikuwa ndani ya ile stoo niliyomwambia afute, na zilikuwa nzima kabisa, hazikuwa na kosa lolote, kilichokuwa kimeshindwa kuzisoma ni kodi yangu. Nilienda mwenyewe, tukakaa na karani siku mbili tukiita mama mmoja mmoja, wewe Jumamosi ulichukua kilo ngapi, wa nani, ulilipa? Kuna mwenye mashua na mteja wake walitofautiana kilo nane na sidhani walisameheana. Mimi ndiye niliwakosanisha, na sijawahi kuchukulia hiyo mistari miwili kama kitu kidogo tena.

Kwa hivyo neno langu leo ni hili: programu lazima ifunguke hata kama kumbukumbu yake imeharibika, na hiyo kumbukumbu iliyoharibika lazima iwekwe, isifutwe. Yote mawili kwa pamoja. Wengi hufanya la kwanza wakaua la pili, nitawaonyesha vile hutokea.

Lakini kwanza muelewe kwa nini kosa la aina hii si kama mengine. Kosa la kawaida mtu akirifreshi mara nyingi linapotea, neti ilikatika, seva ilichelewa, unajaribu tena inaenda. Hili limekaa ndani ya stoo, kila ukifungua programu inakunywa sumu ile ile kutoka chupa ile ile. Na mtu wa kawaida anajua dawa mbili tu, kuzima na kuwasha, na kufuta data. Ya kwanza hapa haisaidii kitu, na ya pili inaua mgonjwa. Ukimwacha mtu na hizo dawa mbili peke yake umemtelekeza.

Nyumbani mtu akifika mlangoni anapiga hodi, na wewe kabla hujasema karibu unauliza, nani? Hata kama sauti unaifahamu, unauliza. Hali inayotoka stoo ni mgeni anayepiga hodi. Usiseme ati ni mimi niliiandika jana kwa hivyo naijua. Aliyeiandika ni kodi ya jana, pengine ya miezi sita iliyopita, na katikati hapo simu imejaa, stima imepotea, mtu ameweka kiendelezi cha ajabu kwa brauza, ama mwenzako wa timu ametumia jina hilo hilo kwa kitu kingine. Muulize nani.

Na majibu ya huyo mgeni ni mengi kuliko mnavyodhani. Saa zingine hayupo kabisa, getItem inakupa null, yaani hakuna, na hapa kuna mtego mdogo juu JSON.parse ukiipa null hailalamiki, inakurudishia null kimya, halafu unaanguka mistari mitano mbele unapouliza hali.bei na unatafuta kosa mahali halipo. Saa zingine mtu aliseivu undefined, na localStorage inajua maandishi tu, kwa hivyo iliandika neno "undefined" lenyewe, herufi kwa herufi, na hilo JSON.parse inalikataa. Ama mtu alisahau JSON.stringify, ile ya kugeuza data iwe maandishi, na stoo ikabaki na yale maneno [object Object] ambayo hayana faida kwa mtu yeyote, data yenyewe haipo tena. Hizo angalau zinapiga kelele. Mimi naogopa zaidi ile inayoingia kimya, JSON nzuri kabisa, imefunguka vizuri, lakini umbo lake ni la zamani, kama bei yangu. Ama tarehe, hii imeniuma mara nyingi, unaseivu Date inageuka maandishi, ukiifungua ni maandishi tu, ukiita getTime programu inaanguka. Map, ile orodha ya majina na thamani zake, unaiweka imejaa unaitoa ikiwa mabano matupu. NaN, yaani hesabu isiyo namba, inarudi ikiwa null. Hakuna onyo lolote njiani.

Halafu kuna ile ya mlango wenyewe kukataa kufunguka. Mtu akizuia saiti zisiweke data kwa brauza yake, kugusa tu neno localStorage kunatupa kosa la usalama, hujafika hata kwa getItem. Kwa hivyo kama umeandika hiyo kodi juu kabisa ya faili, nje ya kila kitu, umeanguka kabla React haijaamka, na ile error boundary yako nzuri, kile kipande cha React cha kudaka makosa ya kuchora, haitaona kitu juu bado haijazaliwa. Nimeona programu kadhaa za madevelopa wazuri zikifa namna hii. Try yako, lile fungu la kodi linalojaribu kitu huku catch ikingoja kudaka kosa, ikumbatie hata kule kugusa.

Sasa nirudi kwa ule mtego niliosema nitawaonyesha, na naomba hapa mnisikilize vizuri juu ndio umenileta kuliko yote.

Baada ya kisa cha Seme nilifanya kile kila mtu hufanya. Nikaweka try, nikaweka catch, kwa catch nikaandika: ukishindwa kusoma, rudisha hali ya mwanzo, ile tupu. Nikajipongeza. Programu sasa haiwezi kuwa nyeupe. Halafu siku moja nikakaa kwa laptopu nikaamua kuiharibu makusudi, nikaingia kwa stoo nikafuta mabano ya mwisho ya rekodi, nikarifreshi. Ikafunguka vizuri, tupu. Nikarudi kwa stoo niangalie ile rekodi mbovu. Haikuwepo. Mahali pake palikuwa na hali tupu, mpya, safi.

Ni nani aliifuta? Ni ule mtambo wangu wa kujiseivu. Kila hali ikibadilika programu inaiseivu, na kuanza kwenyewe ni kubadilika, kwa hivyo ilianza tupu, ikaona eh kuna hali mpya, ikaiandika juu ya ya zamani, chini ya jina lile lile. Yote hayo yalifanyika kabla hujamaliza kupepesa jicho. Rekodi iliyokuwa imekosa mabano moja tu, ambayo mimi na wewe tungeirekebisha kwa mkono kwa dakika moja, imeenda milele. Yaani ile skrini nyeupe iliyomtesa karani ilikuwa afadhali, juu ikiwa nyeupe data bado iko chini pale imekaa. Hii dawa yangu ilikuwa inafanya kimya kile nilimwambia yeye afanye kwa mkono, na bila kumuuliza.

Kwa hivyo mpangilio ni huu, na uufuate hivyo hivyo. Soma maandishi ghafi kwanza, usiyaparse. Yashike mkononi. Jaribu kuyafungua. Ukishindwa, kitu cha kwanza kabisa kabla ya kingine chochote, yaandike yale maandishi ghafi mahali pengine chini ya jina lingine, mimi naita mauzo_karantini na tarehe mbele yake. Ukishahakikisha yamekaa, hapo ndio uanze na hali tupu. Na ule mtambo wa kujiseivu uwe umefungwa mpaka kazi ya kurejesha iishe, uwe na alama moja tu, tayari ama bado, na ikiwa bado hakuna kuandika. Na kama karantini yenyewe imekataa kwa sababu stoo imejaa, juu localStorage ni kama megabaiti 5 tu kwa saiti moja, basi usiguse ya zamani hata kidogo, fanya kazi kwa jina jipya ama kwa kumbukumbu ya muda na umwambie mtu waziwazi. Kufuta ni uamuzi wa mwenye rekodi.

Hiyo inadaka kosa la kusoma. Lakini bei: 350 haikuwa kosa la kusoma, si ndio? Ilisomeka vizuri, ikaua programu baadaye kidogo wakati wa kuchora. Huwezi kuweka try kila mahali. Hapa kuna njia ambayo brauza ya Firefox imeitumia miaka mingi na mimi niliiga huko. Firefox ikianguka, ukiifungua inakurudishia kurasa zako yenyewe. Ikianguka tena papo hapo, haikurudishii kwa nguvu, inasimama inakuletea orodha ya zile kurasa na kukuuliza uchague unataka zipi, juu inashuku kwamba moja ya hizo kurasa ndiyo inaiangusha. Iko na mpangilio ndani unaohesabu, na kawaida inakubali kuanguka mara 1 tu. Na kwenye folda yake inaweka nakala, ya sasa hivi na iliyoitangulia, na ya mara ya mwisho ulipoifunga vizuri. Wale watu walifikiri kama mimi ningetaka mtu afikirie juu ya rekodi za mama yangu.

Kwa programu yako ni mistari kumi. Kabla ya kugusa hali, andika kwa stoo alama, "najaribu mara ya 1". Programu ikifunguka na ikakaa sekunde kumi bila kuanguka, futa hiyo alama. Mtu akifungua na alama bado iko, ina maana mara iliyopita tulianguka njiani, ongeza iwe 2. Ikifika 2 usiipe React ile hali tena, ingia njia salama: hali tupu, ya zamani imekaa karantini, na ujumbe juu ya skrini. Ule weupe mama anauona mara moja, halafu mizani inaendelea. Na hiyo hesabu iandikwe kwa kodi ndogo ndani ya index.html yenyewe, lile faili la kwanza brauza hufungua, mbali na mafaili makubwa, juu ikiwa ndani ya lile faili linaloanguka itaanguka nalo.

Watu wa React wataniuliza, si error boundary inatosha? Inasaidia, iweke. Lakini haidaki makosa ya kubonyeza batani wala ya kazi zinazomalizika baadaye kama kusoma IndexedDB, ile hazina kubwa zaidi ya data ndani ya brauza. Na nimeona nyingi zina batani ya "jaribu tena" ambayo inachora upya kwa hali ile ile yenye sumu, mtu anabonyeza mara ishirini. Ukiweka hiyo batani iweke pamoja na ya pili, "fungua bila rekodi za zamani", na ya tatu, "pakua rekodi zangu".

Hiyo ya kupakua msiidharau. Ni maandishi ghafi unayaweka kwa faili, mtu anayashusha kwa simu, anakutumia kwa WhatsApp. Wewe unayafungua kwa laptopu, unaona kilichoharibika kwa macho yako.

Juu ya umbo la zamani, dawa yake inajulikana na nitaipita haraka. Usiseivu hali uchi, iweke kwa bahasha, nje iandikwe toleo: 3 na ndani data. Ukifungua unasoma namba kwanza. Ikiwa 1 unaipandisha kwenda 2, halafu kutoka 2 kwenda 3, ngazi kwa ngazi, usirukishe, juu kuna mtu hajafungua programu yako tangu mwaka jana na atakuja na toleo 1 siku moja. Zustand na redux-persist, maktaba za kutunza hali, zote zina mahali pa kuweka hiyo namba na hizo ngazi, kwa hivyo hamna haja ya kuandika yote wenyewe. Mwisho wa ngazi pima umbo kwa kitu kama Zod, maktaba ya kukagua umbo la data, na upime rekodi moja moja, usipime zote kwa pamoja ukakataa zote. Rekodi 60 zikiwa na moja mbovu, moja iende karantini, 59 zifanye kazi.

Na namba ikiwa kubwa kuliko unayoijua? Hii inasahaulika. Ulipeleka toleo 4 hewani, likakushinda, ukarudisha kodi ya toleo 3, lakini simu za watu tayari zina hali ya 4. Kodi ya 3 isijifanye inaielewa. Iiache pale pale, isiandike juu yake, ianze chini ya jina lingine, siku 4 ikirudi itaikuta yake nzima.

Kuna jambo lingine ambalo ningependa mbadilishe hata kabla ya hayo yote, na ni kutenganisha. Angalieni mnachoseivu. Rangi ya giza ama ya mwanga, ukurasa uliokuwa wazi, menyu ilikuwa imekunjwa, na mauzo ya siku mbili, vyote kwa furushi moja chini ya jina moja. Sasa menyu ikiharibika inaenda na mauzo. Vile vitu vya starehe viweke kando, vikiharibika vitupe bila hata kumwambia mtu, hakuna atakayelia ati rangi imebadilika. Rekodi za mtu ziweke peke yake, na zikiwa nyingi ziweke IndexedDB. Ukishatenganisha utaona makosa mengi ya kuanza hayana uwezo wa kumuumiza mtu tena.

IndexedDB nayo iko na ugonjwa wake, ule wa kukaa kimya. Mtu amefungua programu yako kwa kurasa mbili, mmoja una kodi ya zamani na umeshika hazina, wa pili umekuja na toleo jipya unataka kupandisha. Wa pili unangoja wa kwanza aachilie. Hakuna kosa, hakuna wekundu wowote kwa konsoli, pale brauza huandika makosa, ni kile kiduara kinazunguka tu. Kwa hivyo kodi yako isikilize versionchange, taarifa kwamba toleo jipya linataka kuingia, na ifunge mkono wake ikiambiwa, na isikilize blocked, taarifa kwamba mlango umeshikwa, imwambie mtu "funga ule ukurasa mwingine wa programu hii". Na uweke saa, ikipita sekunde kadhaa bila jibu uchukulie kama kosa na uingie njia salama.

Ujumbe wenyewe sasa. Nimeona programu za hapa kwetu zikimwambia mama wa soko neno la kizungu na namba nyuma yake. Mimi niliandika hivi: "Rekodi za zamani hazikufunguka. Hazijafutwa, ziko kwa simu hii. Unaweza kuendelea kuandika mpya. Tafadhali usifute data ya brauza." Sentensi hiyo ya mwisho ni ya lazima, juu kuna kijana jirani mwenye nia njema atamwambia afute. Na usiandike hazijafutwa kama hujahakikisha kweli hazijafutwa.

Ukitaka kujua makosa yanavyotokea huko nje, tuma kwa seva aina ya kosa, namba ya toleo na ukubwa wa data. Usitume data yenyewe. Ndani yake kuna majina na madeni ya watu, na tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mtu akitaka kukutumia faili lake atakutumia mwenyewe.

Dada mmoja pale nyuma kutoka Bungoma aliuliza, kwa nini tusiweke kila kitu kwa seva tuachane na hii stoo. Swali zuri, na kama watu wako wana neti ya uhakika fanya hivyo. Kwa beach haiwezekani, karani hawezi kungoja. Ila tuma mapema na mara nyingi, neti ikionekana sekunde tano tuma, usingoje jioni. Na kuna sababu nyingine ya kutuma mapema, stoo ya brauza si yako peke yako. Brauza ya Safari, ile ya Apple, tangu 2020 inafuta stoo iliyoandikwa na kodi kama mtu ametumia brauza siku 7 bila kugusa saiti yako. Unaweza kuomba brauza isiifute, kuna navigator.storage.persist, lakini ni ombi, inaweza kukataa.

Kijana mwingine akauliza anaijaribu vipi hii kitu. Kuna njia mbili. Kila toleo ukilipeleka hewani chukua nakala moja ya hali yake halisi, toa majina ya watu, iweke kwa folda ndani ya mradi, na kila kabla ya kupeleka hewani fungua nakala zote kuanzia ya kwanza. Hiyo bei: 350 iko kwa folda yangu hadi leo na haitatoka. Na ya pili ni ya leo jioni ukifika nyumbani: fungua programu yako, ingia pale kwa zana za brauza uione stoo, futa herufi moja katikati, rifreshi. Halafu urudi uangalie kama zile herufi nyingine zote bado ziko.

Karani wa Seme bado anatumia ile programu. Mwaka jana asubuhi moja aliniandikia WhatsApp, hakupiga simu, kuna ukanda mwekundu juu ya skrini unasema rekodi 1 haikufunguka. Chini ya huo ujumbe akaweka faili, alikuwa ameshabonyeza kupakua. Ilikuwa tarehe, ilihifadhiwa ikiwa tupu siku simu ilizima katikati. Niliirekebisha nikanywa chai, nikamrudishia majibu saa mbili na nusu. Hakunijibu mpaka saa nne, alikuwa anapima samaki.